Namba Haibadilishwi

Simu yenyewe ni ndogo, ya kubonyeza, zile tuziitazo mulika mwizi. Tarakimu ya 5 imefutika, kitufe cha kijani kimechujuka hadi kimekuwa cheupe, na mgongo wake umefungwa kwa mpira wa nywele kwa sababu kifuniko kilitumbukia majini gatini Mokowe na hakikuonekana tena. Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya alasiri, Bimkubwa aliitoa kwenye kibeti, akaipangusa kwa ncha ya mtandio wake, akaiweka juu ya mkeka mbele ya mkurugenzi mpya wa shirika letu. Hakusema neno. Wageni wa kaunti walikuwa wameshahutubu, picha zilishapigwa, sambusa zilishaliwa, na wengi walikuwa mlangoni wakitafuta viatu vyao. Mimi niliona. Kwangu mimi uongozi ulihama pale mkekani, wakati ile barua iliyosomwa kwa kipaza sauti ilikuwa imeshakunjwa na kurudishwa kwenye faili.

Tangu siku hiyo kila nikipita njiani, kutoka Langoni hadi Mkomani hapa Lamu, nasimamishwa: "Kwani Bimkubwa mmemtoa?" Wengine huuliza kwa uchungu, kana kwamba tumeuza nyumba ya yatima. Basi naandika hapa. Hatukumtoa. Ametoka mwenyewe, baada ya kuomba mara mbili na kukataliwa na sisi mara mbili, mimi nikiwa miongoni mwa waliokataa.

Shirika letu, la kuwasaidia wanawake wanaopigwa majumbani na ambao huipiga simu ile usiku, silitaji jina. Walio Lamu mnalijua, na aliye mbali jina halitamfaa kitu. Watu pia sitawataja. Nitasema Bimkubwa, kama tumwitavyo sote, na nitasema Nesi, kama aitwavyo huyu aliyeshika nafasi yake.

Bimkubwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nusu ya wanawake wa umri wangu katika mji huu wameshika kalamu kwa mara ya kwanza mbele yake, na alipostaafu hatukuacha kwenda kwake. Tulipokuwa wadogo tulikwenda na hesabu zilizotushinda. Tulipokuwa wakubwa tulikwenda usiku. Hakufungua ofisi kwanza halafu akangoja watu, watu ndio walioanza kubisha, na yeye akifungua mlango husema maneno yale yale, kwa Kiamu chake cha mjini: "Ndoo, mwanangu. Ndoo ndani," yaani njoo. Hakuuliza kitu mpaka umeshakunywa chai. Ofisi, cheti, mhuri na kabati vilikuja miaka mingi baadaye.

Kwa asiyeujua mji huu, nieleze kidogo. Nyumba za Mkomani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake ni nene, jirani aweza kukohoa usiku kucha usimsikie. Watalii huzisifu kwa ubaridi wake. Sisi tunajua kwamba ukuta huo huo humeza yowe. Na jengine: kwa desturi za familia za mji wa mawe, nyumba ni ya mwanamke. Baba humpa binti yake nyumba au orofa anapoolewa, na mume ndiye ahamiaye. Kwa hiyo wale wanaokuja kutoka mbali kutusomesha haki, wakianza kwa kusema kwamba mwanamke huvumilia kipigo kwa kuwa hana pa kulala, mimi huwasikiliza tu. Hapa pa kulala ni pake. Anapigwa chini ya dari la babake, kando ya kitanda alichopewa na mamake, kisha yeye ndiye atokaye usiku na mtoto mgongoni, na mwanamume abaki kulala.

Ndiyo maana ilipopitishwa ile Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani mwaka 2015, Bimkubwa hakushangilia pale sheria ilipotaja ngumi na fimbo. Alishangilia pale inapompa hakimu uwezo wa kuamuru mpigaji atoke na aliyepigwa abaki ndani peke yake. Alitusomea kipengele hicho kama asomavyo barua ya mwana aliye safarini, akavua miwani, akasema, "Alhamdulillahi, sasa nyumba zitarudi kuwa zetu."

Lakini mwaka huo ulikuwa bado mbele wakati wa jambo ambalo sitalisahau. Mwaka 2014, baada ya mauaji ya Mpeketoni mwezi wa Juni, serikali ilipiga marufuku watu wa kaunti yetu kutoka nje usiku. Magazeti yaliandika habari za wavuvi waliokatazwa kuvua usiku, na ilikuwa haki yao waandikwe. Hakuna aliyeandika habari za mwanamke anayepigwa saa nne usiku na njia imefungwa kwa amri.

Usiku mmoja simu ililia. Aliyepiga alikuwa na mimba ya miezi saba, amejifungia chooni. Bimkubwa hakuweza kutoka kumfuata, wala yule hakuweza kushuka njiani. Basi Bimkubwa akafunga macho, akaanza kumwongoza kwa simu, kwa kuwa nyumba za mtaa ule alizijua moja moja, nani kapakana na nani. Panda darini. Nyuma ya mtungi mkubwa kuna kijimlango, hakina kufuli, ni cha tangu enzi za bibi yako. Ukipita hapo uko kwenye wikio. Asiyejua wikio ni nini: ni kile chumba kilichojengwa juu ya njia, kikaunga nyumba ya upande huu na ya upande wa pili, ndipo mabibi zetu walipokuwa wakipita kutembeleana bila kuonekana na wapita njia. Yule mwanamke alivuka wikio, akaingia nyumba ya pili, akapanda dari nyingine, akashuka ya tatu. Ya tatu ilikuwa yangu. Nilifungua mlango wa juu nikamwona amesimama, leso imelowa mpaka magotini, viganja vyeusi kwa masizi na vumbi la makuti, simu bado iko sikioni na sauti ya Bimkubwa ikisikika humo ndani: "Umefika? Umefika?" Hakuwa amekanyaga njia hata hatua moja. Hakuna amri aliyoivunja.

Hapo ndipo ilipoanza ile tunayoiita milango. Wanawake saba katika mitaa mbalimbali ambao usiku hawatii komeo la ndani. Hadi leo ipo, ingawa si yote saba, na hilo nitalirudia.

Sasa lazima niseme na langu, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini uongozi mpya ulinigusa namna ulivyonigusa.

Mwaka 2010 nilibisha mlango wa Bimkubwa mimi mwenyewe. Mdomo umepasuka, mtoto ana miaka miwili. Nilipewa chai ya tangawizi, nikalazwa chumba cha ndani, na asubuhi Bimkubwa akaita wazee. Ndivyo mambo yalivyofanywa. Wazee watatu waliketi dakani, pale barazani mlangoni, babangu akiwa mmoja wao. Mume wangu alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, akasema ni shetani tu aliyepita kati yetu, akaapa. Nikaulizwa nina neno gani. Wote wananitazama, na babangu anautazama mkeka. Neno ningelitoa wapi? Nikasema sina. Nikarudishwa kwangu, nyumba ya mamangu, na doti mpya ya leso na udi wa kufukiza.

Siku ya 38 alinivunja mkono. Mfupa ulipovunjika ulilia kama ukuti mkavu ukikanyagwa. Nakumbuka sufuria ya wali ilifurika, maji yakazima makaa, na mimi nimekaa chini nikiyatazama makaa yale, nikiwaza kwamba yamelowa na hayatawaka tena leo. Wazo hilo tu. Maumivu yalikuja baadaye, pamoja na akili.

Bimkubwa ndiye aliyenipeleka hospitali. Aliketi kwenye benchi pembeni yangu, ameushika mkono wangu mzima, akasema, "Ni mimi niliyekurejesha." Akarudia mara ya pili. Kisha hakulisema tena kwa miaka 15.

Amelisema mwaka huu, mbele ya bodi nzima, siku alipoomba kutoka kwa mara ya tatu. Sisi tulikuwa tumejiandaa kumkatalia tena. Tulikuwa na sababu nzuri: Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na fedha za mafuta ya boti, ambazo tulizipata kupitia shirika kubwa lililotegemea fedha hizo, zilikatika kwa barua ya aya mbili. Juu ya hilo sheria mpya ya mashirika ya manufaa kwa umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024, ilikuwa inatutaka tujisajili upya na kuweka hesabu zetu sawa. Nani abadilishe nahodha na bahari iko hivi? Bimkubwa akatuacha tumalize. Kisha akasema macho yana mtoto wa jicho, miguu imechoka, lakini hivyo si vitu. Kitu ni kwamba amewarejesha wanawake wengi kwa mikono yake kwenye vikao vya suluhu, na kila akijaribu kuacha anashindwa, kwa kuwa wazee wakija na kanzu zao wanamwita dada na yeye ni dada yao. "Anayenifuata awe mtu ambaye hawezi kuitwa dada na wale," alisema. Akanitazama. Nikafahamu kwamba hatanipendekeza mimi, na nilikuwa nimelitarajia hilo. Usiku ule nililia, na sioni haya kuliandika.

Waliohojiwa walikuwa watano. Tulitumia darasa la madrasa, madawati madogo, magoti yakigonga mbao. Karibu wote walizungumza vizuri. Walisema watashirikisha wadau, watajenga uwezo, watahamasisha jamii. Kila neno lilikuwa sahihi, na nikitoka pale nilikuwa sikumbuki hata moja.

Swali moja lilikuwa langu. Niliwauliza wote: ni saa tano usiku, ni bamvua, maji yamekupwa na Mkanda haupitiki. Mwanamke anapiga simu kutoka Kizingitini, kisiwani Pate, ameingiliwa kwa nguvu. Utafanya nini? Mkanda, kwa wasioujua, ni ule mfereji wa mikoko kati ya Manda na bara ambao boti za kwenda na kutoka kisiwa cha Pate hupita. Maji yakikupwa sana, boti hukaa juu ya tope mpaka yajae tena. Wanne walijibu kwamba wataandaa boti asubuhi na mapema.

Nesi alikuwa wa mwisho. Ni mzaliwa wa Faza, binti wa nahodha, na amefanya kazi ya uuguzi miaka 14. Hakujibu mara moja. Aliniuliza mimi: "Mtu huyo bado yumo nyumbani? Na watoto wako wapi?" Nikamwambia ametoka, watoto wamelala. Akasema: "Basi sina haja ya Mkanda. Kizingitini na Faza ni kisiwa kimoja, na Faza kuna hospitali. Nampigia mwenye bodaboda ninayemwamini, nampigia na muuguzi wa zamu. Namwambia asioge, ingawa najua ndilo jambo analolitaka kuliko yote duniani. Nguo asizifue wala asizitie kwenye plastiki, zitaoza na ushahidi utaharibika. Azitie kwenye bahasha ya karatasi, na kama hana, azifunge kwa leso kavu safi. Dawa za kukinga virusi vya UKIMWI zina masaa 72 na kila saa linalopita linazipunguzia nguvu. Dawa ya kuzuia mimba ina masaa 120. Mimi hesabu yangu ni ya masaa. Maji tutayahesabu akishatibiwa." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba polisi watafuata, fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari, itafuata, na kwamba mwanamke akitaka kutoa taarifa yake mbele ya askari wa kike, sheria ya 2015 inampa haki hiyo, mara nyingi haambiwi.

Nilimpa alama kamili. Na bado sikumpigia kura.

Niseme kwa nini, kwa kuwa wengi wenu mnaoniuliza njiani mna sababu zile zile. Nilisema ni mdogo, ana miaka 38. Nilisema ameachika, watu watasema anataka wenzake nao waachike. Nilisema ni mtu wa visiwani, lafudhi yake ikisikika Mkomani kina bibi watamfungia mdomo. Nilisema yote hayo kwa lugha ya heshima na yakaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Yalikuwa ni woga wangu. Nilimwogopa mtu atakayekataa vikao vya suluhu, kwa sababu akivikataa maana yake ni kwamba vingeweza kukataliwa tangu mwanzo, hata mwaka 2010.

Na kweli, alipoanza kazi, muda mrefu kabla ya sherehe ile ya Jumamosi, hilo ndilo lililokuwa jambo lake la kwanza. Mtu akishapigwa, hakuna kikao. Hospitali kwanza, kisha mwenyewe aamue, ana siku zake za kufikiri na hasukumwi na mtu, na hata sisi hatumsukumi. Mizozo ya posho, ya kauli, ya mawifi, hiyo aweza kuketishwa na wazee akipenda mwenyewe. Hapa bado mimi na Nesi tunabishana, maana sheria yenyewe inahesabu kunyimwa fedha na kuingiliwa na wakwe kuwa ukatili pia, na mimi nimeona posho iliyokatwa mwezi wa kwanza ikawa kofi mwezi wa tatu. Sijamshawishi. Nitaendelea.

Wazee hawakufurahi. Mmoja alikuja ofisini wiki ya pili, mtu mwenye heshima yake, aliyewahi kuketi kwenye vikao vingi, changu kikiwemo. Nesi alisimama, akambusu mkono, "Shikamoo, Ami," akamweka kwenye kiti kizuri karibu na dirisha. Ami akasema aliyokuja kuyasema: mnavunja nyumba za watu, mambo ya ndani yana stara yake, na kama mtu ana shida kuna kadhi.

Nesi akamwambia kadhi tunamheshimu na tunakwenda kwake. Katiba, kifungu cha 170, imempa ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, na wanawake wetu wengi wamepata khului, ile talaka aiombayo mke, na posho zao pale. Lakini mkono uliovunjwa ni jinai, huo unakwenda polisi na kwa hakimu, na moja halizuii jengine. Kuna wanawake walioambiwa na jamaa zao kwamba ukishafungua kesi kwa kadhi, ile ya polisi imekufa. Si kweli. Hilo naomba msomaji alibebe aende nalo nyumbani.

Halafu akafungua droo, akatoa karatasi moja. Alikuwa ameipiga chapa mwenyewe. Ilisema: mimi fulani, nimemrejesha fulani kwa mumewe leo, na akiumizwa tena nitakwenda kituoni kueleza kwamba mimi ndiye niliyemrejesha. Akaisukuma mbele ya Ami pamoja na kalamu, bila ujeuri wowote. "Ami, sitakuzuia kumrejesha mtu. Ukimrejesha, nitilie sahihi hapa."

Ami alivaa miwani. Aliisoma yote, kisha akairudia. Mimi nilikuwa kwenye meza ya pili najifanya napanga faili, mkono wangu wa kushoto ukiniuma pale unapouma siku za mvua, na mvua hakukuwa. Ami akaikunja karatasi mara nne, akaomba maji. Hakutia sahihi. Alipotoka alisimama mbele ya meza yangu muda mrefu kuliko inavyohitajika kuaga, akasema, "Mkono wako umepona vyema?" Mara ya kwanza kuniuliza. Baada ya siku tisa alirudi, akataka aelezwe mambo ya mahakamani yanakwendaje. Mpaka leo ameshaandamana na wanawake wawili kortini, ameketi nao benchi moja, na kanzu yake. Ndugu wa mume wakimwona pale hupunguza sauti.

Lile la mafuta ya boti Nesi alilimaliza kwa namna ambayo sisi wa mjini tusingeifikiria. Alikwenda kwa manahodha, watu wa babake. Hakuomba fedha. Aliomba kila chombo kinachokuja Lamu kwa safari zake za kawaida kituachie nafasi mbili, bila maswali, mtu akitaja neno tulilokubaliana. Neno lenyewe ni jina la samaki. Manahodha wanajua maana yake na hawaulizi.

Sitaki ionekane kwamba kila alichokigusa kimekuwa sawa. Ile milango saba, alitaka wenye nyumba waje wafunzwe siku mbili na watie sahihi mapatano: watoto wa kiume wa nyumba wasijue nani amelala chumba cha ndani, hakuna picha, hakuna kumpigia mamake bila idhini yake. Ana haki. Lakini wawili kati ya wale saba, kina mama wa makamo waliokuwa hawajatia sahihi kitu maishani isipokuwa hati ya ndoa, waliona wanashukiwa. Wamejitoa. Mmoja wao alifungua mlango wake mara nyingi kuliko sisi sote. Naamini tungeweza kwenda kwao, tukaketi jikoni, tukazungumza bila karatasi. Nimemwambia Nesi hivyo, na Ijumaa tunakwenda pamoja.

Na kuna daftari. Bimkubwa aliandika kila kitu kwenye madaftari ya shule yenye mistari, kwa mwandiko wake mzuri wa kiwalimu: jina, jina la baba, mtaa, aliyempiga, alivyopigwa. Yalikuwa juu ya rafu, pembeni ya mas'hafu, mahali ambapo kwake palikuwa ni pa amana. Nesi alipoyaona aliketi chini. Kijana mmoja aliyekuwa akija kupaka chokaa aliwahi kuyafungua, na jina moja lilitoka likafika sokoni. Tulikuwa tumelijua hilo na tukanyamaza kwa kumwonea haya Bimkubwa. Sasa yamo kwenye kabati la chuma, kila mtu ana namba, na majina yako kwenye kitabu kimoja ambacho ufunguo wake ni mmoja. Bimkubwa mwenyewe aliyabeba madaftari yale kuyatia kabatini. Kumi na moja. Alikataa kusaidiwa.

Nikaribie tena simu.

Nesi alitaka kuibadilisha. Namba mpya, ya ofisi, nzuri, rahisi kukumbukika. Kuna namba ya kitaifa, 1195, haitozwi kitu, na 116 kwa ajili ya watoto. Zote mbili amezibandika ukutani na kuzigawa, na ni vyema kila mtu azijue. Lakini hii yetu, nilimwambia, haibadilishwi hata kama nitafukuzwa. Mwanamke anayekaguliwa simu yake kila jioni hawezi kuiandika humo. Anaihifadhi kichwani. Najua aliyeitunga kama wimbo wa kumbembelezea mtoto, tarakimu kumi, akimwimbia mwanawe mbele ya huyo huyo mumewe kwa miaka miwili. Najua aliyeitia kwenye pindo la leso kwa uzi, vifundo vifundo, kila tarakimu na idadi yake, na sifuri akaacha nafasi. Wako wasiowahi kupiga. Wanaibeba tu. Siku watakapopiga, isije ikawaambia haipatikani.

Nesi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Vifundo?" Nikamwonyesha kwa pindo la leso niliyovaa. Akasema basi.

Tatizo likawa laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha Bimkubwa. Wakakwenda dukani pamoja kuihamisha. Mara ya kwanza wakarudishwa kwa kuwa kitambulisho kimechakaa na alama za vidole za Bimkubwa hazisomeki. Miaka ya chaki na ya kukuna nazi, alisema, ingesomeka wapi? Mara ya pili wakafaulu. Fedha za shirika zilizokuwa zikipitia humo humo kwa M-Pesa zimetengwa zikaenda akaunti ya shirika lenyewe. Na simu sasa ina zamu: hakuna anayeishika zaidi ya wiki moja mfululizo. Bimkubwa aliishika miaka yote bila kupumzika. Alituambia tangu Jumamosi analala mpaka adhana ya alfajiri, na akiamka moyo unamwenda mbio, anaitafuta chini ya mto.

Wiki hii ni zamu ya Nesi, na mimi ni msaidizi wake. Jumatatu usiku ililia. Sitasema aliyepiga wala alikopigia. Nesi alipokea kabla ya mlio wa pili, akainuka kitini, akaenda kusimama dirishani ambako mtandao ni mzuri.

"Bimkubwa?" sauti ikauliza. Nilikuwa karibu nikaisikia.

"Bimkubwa amepumzika. Mimi ni mwanawe. Nakusikia."

Ikawa kimya. Kirefu mno. Nikaanza kuinuka, nikitaka kuichukua, maana sauti yangu huenda angeijua. Nesi akanizuia kwa kiganja, akangoja. Hakusema "haloo, haloo" kama watu wasemavyo. Kule upande wa pili mtoto alikohoa, na kitu cha mbao kikasogezwa taratibu.

"Yumo ndani?" Nesi akauliza, pole pole. "Kama yumo, kohoa wewe."

Tukasikia kikohozi. Cha mtu mzima.

Nesi akavuta kalamu. Mimi nikachukua buibui langu msumarini.